Malaria ya Komanda Muteba

Ninawaonea wivu, vijana. Nianze na hilo, msije mkadhani mnasoma maneno ya mzee aliyetulia. Nikiwaona mnapita barabara ya uwanja wa ndege hapa Kolwezi, mashati meupe, mistari ya dhahabu mabegani bado inang'aa, na ile kompyuta ndogo ya mkononi inayowaonyesha mvua iko wapi kabla haijawafikia, roho inaniuma kabisa. Sisi mvua tuliijua ilipoanza kutupiga kiooni. Nimestaafu, nina shamba dogo la mihogo na magoti mawili yasiyoniheshimu, na bado ndege ikipita juu ya nyumba yangu kule Manika naacha chakula mezani natoka nje kuitazama. Mke wangu, Mama Odia, ameshazoea. Anafunika sahani tu.

Mmeniuliza kuhusu konje tekniki, kwa sababu mnasikia tena minong'ono kwamba kampuni zinabana matumizi. Nitawaeleza niliyoyapitia mimi. Konje tekniki maana yake hujafukuzwa, lakini usije kazini, na mwisho wa mwezi usisimame dirishani kwa mhasibu. Jina lako linabaki kwa kampuni, mwili wako unabaki kwa mkeo. Waliotuachia neno hilo la Kifaransa walijua kuchagua, maana konje ni likizo, na ukilisikia harakaharaka unadhani umepewa zawadi.

Ndivyo walivyolisikia ndugu zangu wa Kasaji. Dada yangu mkubwa aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu mwingine kwamba mimi, Komanda Ngoy, nimeingia konje. Huku kwetu mtu aliye konje ana muda, na mtu wa ndege mwenye muda ana mfuko mzito. Wiki haikuisha, dada akashuka kwenye lori mbele ya lango langu na wajukuu wake, kuku na gunia la karanga.

"Ngoy, tulisikia uko mu konje," akasema, akijitafutia kiti. "Tukasema tukuye tuikule pamoja."

"Yaya, ni konje tekniki," nikamjibu. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume.

"Njo muzuri zaidi. Ya tekniki si njo ya bakubwa?"

Nikaingiza gunia lake ndani. Walikaa mpaka karanga zikaisha, na Mama Odia alikuwa ananitazama kila tulipokutana jikoni kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga neno lile.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ndege mbili za propela, viti kumi na tisa kila moja, marubani wakuu wanne, yaani makomanda, na wasaidizi wao. Tuliishi kwa migodi. Tulibeba wahandisi, makarani, masista, wafanyabiashara wa Fungurume, na mama wajawazito waliokuwa wanakwepa kurushwarushwa barabarani. Kisha bei ya kobalti ikaanguka. Migodi ikapunguza watu, na waliobaki ikawapandisha mabasi, kwa kuwa barabara ya Lubumbashi siku hizi inapitika vizuri. Direkta wetu akashika mkasi.

Alianza na pipi. Nyinyi hamkuzikuta, lakini zamani abiria alipewa pipi kabla ya kuruka ili amumunye masikio yasizibe. Pipi zikaondoka, yakafuata maji ya chupa. Kisha tukaambiwa ndege haioshwi tena ila kabla ya wageni wakubwa, na vumbi jekundu likala jina la kampuni ubavuni mpaka herufi mbili tu zikabaki zinasomeka. Kisha gari lililokuwa linatuchukua nyumbani asubuhi likauzwa. Nikawa napanda taksi-moto na mistari yangu minne mabegani, kofia nimeificha ndani ya begi isipeperuke. Siku ya kwanza dereva wa pikipiki alinichunguza shati, akaniuliza kwa heshima zote, "Tata, munalindaka wapi?"

"Nalindaka ndege," nikamjibu.

Siwaambii hayo ili mdhani kila kubana matumizi ni upumbavu. Direkta alituamuru tuwe tunatembea chini kwa injini moja mpaka karibu na kuruka, na hilo lilikuwa jambo la akili, ila mkumbuke kuiwasha ya pili mapema ipate joto la kutosha. Alitukataza pia kubeba mafuta ya ziada ovyo. Hapo tuligombana. Mwezi wa tisa, moshi wa nyasi zinazochomwa ukitanda kutoka Mutoshi mpaka mtoni, uwanja unaweza kukupotea ukiwa juu yake, na mafuta uliyoyaacha ghalani hayakusaidii kitu. Mkatalieni direkta kuhusu mafuta, lakini mkubalieni kuhusu pipi.

Sasa mizani. Hapo ndipo ilipoanza habari yangu na Muteba.

Abiria wetu tulikuwa tunawapima pamoja na mizigo yao, na kwa ukanda huu nawashauri mpime kwa macho pia. Mkimwona kijana amevaa koti nene wakati wa joto, mpimeni na koti lake. Wachimbaji walikuwa wanasafiri na mawe mifukoni kwenda kuyaonyesha kwa wanunuzi, na niliwahi kuruka na watu kumi na tisa wembamba ambao ndege ilikuwa inawabeba kama maaskofu wanene. Tulipofika Lubumbashi nikamwomba mmoja afungue koti. Akatoa mawe ya kijani moja moja, akiomba samahani kwa kila jiwe.

Direkta alijifunza kitu kutoka kwa mizani ile. Alikuja uwanjani siku moja akatuambia kwamba kila kilo isiyolipa nauli inakula mafuta, na kwamba hata marubani hawalipi nauli. Akatuamuru tupande. Tulikuwa wawili wakuu upande wa Kolwezi, mimi na Muteba. Alipanda Muteba, mtu mfupi, mkavu, ambaye mke wake alikuwa analalamika kwamba chakula kinaingia na hakionekani kinakokwenda. Sindano ikatikisika kidogo ikatulia. Nikapanda mimi. Mpakia mizigo akasoma, akasoma tena, kisha akasema kwa sauti ya uwanja mzima:

"Komanda Ngoy eko sawa na Komanda Muteba na gunia yake ya bunga!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa ndiye niliyemzoeza yule mpakia mizigo utani. Direkta hakucheka. Muda si mrefu ndege moja ikarudishwa kwa wenyewe, na marubani wakuu wawili wakatakiwa kukaa nyumbani. Lubumbashi alibaki mmoja. Kolwezi alibaki Muteba.

"Ni mambo ya buzito, komanda," direkta akaniambia ofisini kwake. "Si mambo ya heshima. Mi naheshimu sana."

Nilitoka pale nikiwa nimejaa sumu. Sikuwa na hasira na direkta. Hasira nilikuwa nayo na Muteba. Mtu alikuwa amepata kiti changu kwa sababu ya mifupa yake!

Na Muteba nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu akiwa msaidizi asiyejua hata kuweka begi lake mahali lisipozuia mlango. Nilimfundisha kusoma wingu la mchana na kuondoka asubuhi kabla halijakomaa. Nilimfundisha kupatanisha propela. Siku hizi kuna chombo kinawafanyia, hamjui kazi hiyo. Propela mbili zisipokwenda pamoja zinatoa sauti ya wuu, wuu, wuu, na abiria anashuka kichwa kinamuuma asijue kwa nini. Sisi tulizipatanisha kwa sikio. Unaiacha ya kushoto, unagusa ya kulia kidogo, ile wuu inarefuka, unagusa tena, inarefuka zaidi, mpaka inapotea na unasikia sauti moja. Wengi hawana subira, wanashika zote mbili kwa pamoja na kuzivuruga. Muteba alikuwa na subira. Baada ya miaka michache alikuwa anazipatanisha vizuri kuliko mimi, na nilimsifu mbele ya watu, maana wakati ule sifa hazikunigharimu chochote.

Kwa hiyo fikirieni nilikuwa nasikia nini kila asubuhi nikiwa kitandani Manika wakati wa konje. Ndege ilikuwa inapita juu yangu na sauti yake moja, safi, bila wuu hata chembe. Nilikuwa natamani akosee. Nilikuwa nasikiliza kwa makini kama mtu anayechambua mchele, nikitafuta kosa, na sikulipata. Kuna asubuhi nilijifunika mto usoni. Mama Odia alidhani nalia na akatoka nje kwa adabu, kumbe ningekuwa nalia ingekuwa afadhali.

Nilimwonea wivu kwa mambo ya kitoto pia. Nilimwonea wivu kwa jasho la shati lake, kwa ile alama nyekundu inayobaki masikioni baada ya kuvaa vifaa vya redio, na kwa uchovu wake. Nilikutana naye sokoni akapiga miayo, akasema, "Yaya, nimechoka, Kasaji kila siku." Ningeweza kumpiga na ndizi nilizokuwa nimeshika.

Lakini kilichoninyima usingizi zaidi ya mshahara ni hiki, na nyinyi mnakijua kutoka shule. Rubani asiyeruka na kutua mara tatu ndani ya miezi mitatu hana ruhusa ya kubeba abiria mpaka akapimwe upya. Kwa ndege yetu kupimwa kulimaanisha safari ya Afrika Kusini, kwenye mashine ya kujifunzia. Kampuni iliyokunyima pipi haikupeleki Afrika Kusini. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Miezi mitatu ikipita bila mimi kugusa usukani, ningemaliza maisha yangu ya kazi nikiwa mtu wa konje, na siku yangu ya mwisho kitini ingekuwa ilishapita bila mimi kujua. Nilitaka kumalizia kitini, na sikuwa na ombi jingine.

Kulikuwa na njia. Haiko katika kitabu chochote cha urubani, na sidhani kama nchi nyingine wanayo. Tuliiita malaria ya ndugu. Katika konje za zamani, mmoja alipowekwa nyumbani, yule aliyebaki kitini alikuwa anashikwa na malaria kabla miezi mitatu haijafika. Siku moja tu. Kampuni inahangaika, inampigia simu mtu wa konje aliye karibu, naye anaruka mizunguko ya siku hiyo, anapata kutua kwake mara tatu, karatasi zake zinapona. Kesho yake mgonjwa anapona pia. Nani Kolwezi angeweza kubisha malaria? Kila mtu amekwisha kuugua, kila mtu ana shangazi aliyeko kitandani. Lilikuwa jambo lisiloombwa wala kutajwa. Uliingoja malaria ya mwenzako kama unavyongoja mvua ya kwanza.

Nikangoja. Mwezi ukapita na Muteba mzima. Wa pili ukapita na Muteba mzima. Jumapili kanisani nilikuwa nakaa nyuma yake ili nimkague rangi ya macho akigeuka kutupa mkono wa amani. Macho meupe kabisa. Siku moja, padri akihubiri, nikaona mbu ametua shingoni mwa Muteba, pale juu ya kola. Ningeweza kumfukuza kwa kupuliza tu. Nikamwacha anywe kwa nafasi.

Mama Odia alikuwa ameona. Tulipotoka akaniuliza, "Unaombea mutu homa mu nyumba ya Mungu?"

"Simuombei homa," nikasema. "Naombea mbu."

Akatangulia nyumbani bila kuningoja.

Jumapili nyingine nilimvizia mke wa Muteba, Mama Beya, nje ya kanisa. Nikamuuliza habari za mzee.

"Muzima kabisa, Tata Komanda. Anakula ya kwake, anamaliza na ya batoto."

Nikamwambia ashukuriwe Mungu. Nadhani sijawahi kutamka maneno hayo kwa moyo mchungu kiasi kile. Niliporudi shambani nikawa nalima huku natunga hotuba. Nilimwambia Muteba, akiwa hayupo, kwamba amesahau nani alimfundisha kushika propela. Nikamwambia wembamba si cheo. Nililima vizuri sana kipindi kile.

Wiki ya mwisho ilifika. Nilikuwa uani napiga mswaki, na simu ikalia. Alikuwa direkta.

"Komanda Ngoy, Muteba eko mugonjwa. Malaria. Munaweza kupeleka Kasaji, murudi, mushuke Lubumbashi?"

Niliitikia na povu la dawa ya meno mdomoni. Shati halikufunga kifungo cha tumboni, Mama Odia akalibana kwa pini ya nguo na kuniambia nisipumue sana mbele ya abiria. Nilipopanda ndani ya ndege nikakuta kiti kimesogezwa mbele mno, kwa ajili ya miguu mifupi ya Muteba, na chini yake kuna kile kimto chake cha kuinulia. Nikakirudisha kiti nyuma kwa nguvu mpaka msaidizi wangu akageuka kutazama. Kimto nikakitupa kwenye chumba cha mizigo. Mtu alikuwa amenipa siku yake, na mimi bado nilikuwa nakionea kimto chake wivu.

Kasaji ilikuwa imenyeshewa. Hapo nawapa jambo la kutumia. Uwanja wa udongo usiujaribu kwa matairi yako. Tuliwaomba watu wa redio wa kule wamtume mtu wa baiskeli apite njia nzima, kwenda na kurudi, amebeba mtu nyuma. Gurudumu la baiskeli likizama, wewe unarudi ulikotoka bila kujadiliana. Yule wa siku hiyo alipita huku anatupungia mkono mmoja, abiria wake amekaa upande kama bibi arusi, na nikajua tutatua. Niligusa chini taratibu kiasi kwamba mama mmoja nyuma aliuliza kama tumefika. Sijui kama mnaielewa furaha hiyo tayari. Kama bado, nawaonea wivu kwa kuwa mtaipata mara ya kwanza.

Kasaji, Kolwezi, Lubumbashi. Nilitua mara tatu na karatasi zangu zikapona. Jioni niliirudisha ndege Kolwezi, nikaenda nyumbani, na sikwenda kumwona mgonjwa, maana malaria ya namna ile haitembelewi, utaiaibisha.

Nilidhani habari imeishia hapo. Siku chache baadaye direkta aliniita. Alikuwa amefanya hesabu nyingine. Kampuni yenye ndege moja, akasema, haiwezi kumtegemea rubani anayelala. Siku moja ya Muteba kitandani ilimtia hofu ya kupoteza mteja wa mwisho.

"Buzito mutapunguza, komanda," akasema. "Bugonjwa hatuwezi kupunguza. Murudi kazini. Muteba ataenda konje."

Nilifurahi. Nisiwadanganye. Nilitoka ofisini nikitembea kama kijana, nikapanda pikipiki na kofia kichwani, ipeperuke ikitaka. Furaha ilinisindikiza mpaka mlangoni, ambapo Mama Odia alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza neno moja: "Na Muteba?"

Basi nikapanga malaria yangu. Nilijua la kufanya, zamu ilikuwa yangu. Kabla miezi mitatu ya Muteba haijaisha nikapiga simu ofisini asubuhi na sauti ya kaburini, nikajifunika blanketi mbili, nikamwambia Mama Odia aache pazia limefungwa. Nikawa nahesabu moyoni: sasa direkta anampigia Muteba, sasa Muteba anavaa viatu. Mlango ukagongwa. Alikuwa muuguzi, msichana mpole, na mkoba. Direkta alikuwa amenunua vile vipimo vidogo vya malaria, vya tone la damu kidoleni, na kumlipa muuguzi apite kwa wagonjwa wa kampuni. Ilikuwa rahisi kuliko kupoteza rubani kwa siku nzima. Akanichoma kidole, akakaa kando ya kitanda changu tukangoja pamoja, mimi nikitetemeka kwa bidii. Mstari mmoja ukatokea. Wa pili haukutokea.

"Tata Komanda, muko muzima," akasema akitabasamu. "Mungu asifiwe."

Nusu saa haikupita direkta akapiga simu kunipa habari hiyo njema na kuniambia abiria wananisubiri. Wiki iliyofuata nikajaribu tumbo. Kulikuwa na kipimo cha tumbo. Nikajaribu mgongo, akanipeleka kupigwa picha, na picha ikaonyesha mgongo wa kijana. Hivyo ndivyo ilivyokufa malaria ya ndugu hapa Kolwezi. Iliuawa na kijiti cha plastiki, na nyinyi mnaoingia sasa hamtaijua. Kila mmoja wenu atakuwa peke yake na hesabu ya kutua kwake.

Miezi ya Muteba ikaisha. Hakunipigia simu, hakunisema kwa watu. Alihama na mkewe kwenda Tenke, kwa upande wa wakwe, akanunua mashine ya kusaga mahindi karibu na reli. Mimi nikaendelea kuruka. Nilistaafu nikiwa kitini kama nilivyotaka. Walikata keki, direkta alitoa hotuba kuhusu uaminifu, na pipi zilirudishwa kwa siku ile moja.

Nilikwenda Tenke baada ya hapo, nikiwa sina tena cha kujificha nyuma yake. Nilibeba mbuzi. Nilimkuta Muteba mlangoni mwa mashine yake, mweupe kwa unga mpaka nyusi, mkavu vilevile, na mstari wa akina mama na mabeseni unafika barabarani. Wote walikuwa wanamwita Komanda. "Komanda, ongeza laini! Komanda, yangu ni ya mutoto!" Manika hakuna anayeniita hivyo ila mke wangu akikasirika. Nikasimama pale na mbuzi wangu, na nikawa naona wivu juu ya mashine ya kusaga.

Tuliketi. Nikamwambia nilichokuja kumwambia.

"Muteba, aksanti juu ya ile malaria."

Akapangusa uso. "Aksanti ya nini, yaya? Mi nilikuwa mugonjwa kweli. Nilitetemeka siku nzima, hata maji yalikuwa yananishinda."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Juu ya nini nikudanganye?"

Niseme nilichohisi. Nilihisi mzigo unateremka. Kama aliugua kweli, basi hakunipa kitu, mbu ndiye aliyenipa, na sina deni kwa mtu yeyote. Nikainuka nimsaidie Mama Beya kuleta sahani, nikamwambia nasikitika kwamba malaria ya siku ile ilikuwa kali namna ile. Akaacha mwiko ndani ya chungu cha sombe, majani ya mihogo.

"Malaria gani, Tata Komanda? Siku ile alikula bukari sahani mbili. Akapanda juu ya nyumba kupigilia mabati. Mi nikamwambia, shuka, batu batakuona, si uko mugonjwa? Ndege ikapita, akaipungia nyundo."

"Alijua direkta atamuweka mu konje?"

"Alijua. Direkta alimwambia zamani: mwenye atagonjwa, njo ataenda konje. Tukaongea mi naye asubuhi, kabla ya kupiga simu. Nikamwambia, acha. Akasema, yaya Ngoy amebakiza wiki moja."

Alinipa bakuli la sombe nikalipokea kwa mikono miwili. Nilitoka nje nalo. Muteba alikuwa anamimina maji ya kunawa, akaniangalia usoni.

"Amekuambia nini?"

"Ameniambia homa ilikuwa kali sana."

"Si nilikuambia?" akasema, akacheka, akanisogezea bukari, ugali wa mashine yake.

Nikanawa, nikala. Vijana, kiti nilichokililia nilikipata, nikakikalia mpaka siku ya mwisho, na hakuna hata asubuhi moja niliyopata nafasi ya kuugua kama alivyougua Muteba.